Kebo ya Baharini na Kitalu cha Dada

Intaneti ikikata pale kituoni kwetu cha utafiti, Uyole, hatuulizi. Tunajua ni barabara. Tangu waanze kuipanua, katapila limeufukua ule waya wa mtaroni mara nyingi hata tukajiwekea utaratibu: mmoja wetu anatoka, anaangalia wamechimba wapi leo, anarudi na habari. Siku ile nilikwenda mimi, tena nimefura.

Nilikuwa na sababu. Dada yangu analima vitunguu Ruaha Mbuyuni, na miche kitaluni kwake ilikuwa imeanza kujikunja na kutoka madoa. Kama ugonjwa umetoka kwenye mbegu, ilibidi ang'oe kitalu chote. Kama sivyo, ahamishie ile mizima majarubani upesi, maana zamu yake ya maji ya mfereji ilikuwa inakaribia, na ikimpita, msimu umekwenda. Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya mimea. Vinasaba vya miche ile nilikuwa nimeshavisoma kwa mashine yetu ndogo, ila mafaili yake ni makubwa mno, na kompyuta ya kuyachambua iko ng'ambo kwa wenzetu tunaoshirikiana nao.

"Hivi nyie mmetumwa?" nilimfokea dereva wa katapila.

"Dada, mi leo sijachimba hata shimo la panya. Mashine haina mafuta toka asubuhi. Na mi mwenyewe simu yangu haishiki intaneti."

Kweli, katapila lilikuwa limepoa, kuku wa mtu amejilaza kivulini mwake. Nikamwomba radhi, nikarudi nimenywea.

Fundi wetu wa kompyuta ndiye aliyetueleza: kebo zilizokatika ziko chini ya bahari, mbali, na meli ya kuziunga ndiyo kwanza inajiandaa. Nilipata hasira upya, safari hii bila mtu wa kumfokea. Sisi wa milimani tumezoea kuiona intaneti kama kitu kinachopita kando ya barabara pamoja na malori ya Tunduma. Kwamba imelazwa baharini, na huko nako inakatika, hatukuwahi kulitia akilini.

Dada akapiga simu. "Kamwene, mdogo wangu. Sasa ning'oe au nipande?"

"Subiri kidogo, dada."

"Mi nasubiri. Maji je?"

Fundi akakumbuka kwamba kuna chuo Iringa kilichoungwa kwenye mtandao wa vyuo vya utafiti, wenye nafasi yake katika kebo nyingine inayopita njia nyingine kabisa. Nikafungasha diski yenye mafaili, nikapanda basi la Iringa. Nikalala Kihesa, hukohuko mjini, kwa shangazi, asubuhi nikawa mlangoni pa chuo.

Mhandisi wao, msichana aliyejifunga kitenge juu ya sweta kwa baridi, alichomeka diski yangu huku anapiga soga. Alisema vyuo vya Afrika vinataka viwe na sehemu yao katika kila kebo mpya kabla meli haijaitandaza, wasiwe watu wa kuombaomba baadaye. Alisema kebo zijazo zitapima joto la bahari na kuhisi matetemeko. "Moja ikikatika, kazi inahamia nyingine. Wewe wala hutajua." Mimi ahadi za kwenye semina huwa naziacha hukohuko kwenye semina. Lakini nilipotazama kioo, mafaili yote yalikuwa yameshakwenda, na yeye hajamaliza hadithi. Nilifurahi hadi nikaona haya.

Kesho yake majibu yakaja palepale chuoni. Mbegu haina kitu. Ugonjwa unaletwa na wadudu wadogo wanaonyonya majani. Aitoe miche yenye madoa, mizima apande. Nikampigia dada palepale.

"Mbona nimeshaanza kung'oa," akasema.

Niliteremka Ruaha Mbuyuni siku hiyohiyo. Miche ya matuta mawili, mingi mizima, ilikuwa imeng'olewa na kunyaukia juani. Matuta mengine yote yalikuwa yamesalimika. Tulipanda pamoja, maji yakitufika vifundoni, tukamaliza zamu haijaisha. Jaruba moja tu la pembeni lilibaki tupu, na dada akasimama ukingoni mwake, mikono kiunoni.

"Hili nalo tungelipanda, kama ungewahi siku moja tu."

Nikaanza kumweleza habari za bahari na meli, na za kebo mpya wanayoitaka wale wa chuo. Akanikatiza.

"Nimekuelewa. Kawaambie hao wa chuo hiyo kebo mpya waiharakishe. Mi msimu ujao napanda mpaka hapa."

Akachomeka kijiti kwenye kona ya mwisho ya lile jaruba tupu.