Dokta wa shingo, na pakiti moja ya chumvi iliyozunguka kitongoji chetu Mgeta

Jumatatu, mwezi wa sita. Ukungu tangu alfajiri, rasharasha hadi saa nne.

Ndivyo ukurasa ule wa daftari langu unavyoanza. Wakuu salamu, na wakubwa zangu shikamooni. Shule yangu ni ya msingi tu, kwa hiyo nikikosea mnirekebishe. Ninayoandika yalinipata mwenyewe, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema.

Ni enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Malori ya watu binafsi yalianza kupanda kwetu kubeba kabichi za Dar, na yakipanda yanaleta chumvi ya magunia. Rahisi, ila haina madini joto.

Rovu, ule uvimbe wa shingo, kwetu halikuwa ajabu. Mke wangu, Mama Tina, alikuwa nalo, na wakati huo ana mimba ya pili.

Ndipo akaja dokta mmoja mama, mtafiti wa tezi ya shingo. Sisi tulimwita Dokta wa Shingo. Alishapima watu hadi Kisaki. Akaniajiri nimbebee sanduku na kutangulia siku moja kabla, kuwaambia watu kwamba kesho anakuja kupima shingo na chumvi.

Kupima chumvi ni kudondoshea dawa. Ikigeuka bluu, ina madini joto.

Siku mbili, chumvi ya nyumba zote bluu.

Dokta alishangaa, shingo zimevimba na chumvi ni nzuri. Akasema basi tatizo letu si chumvi. Ataandika hivyo, vidonge vya madini joto vipelekwe vijiji vingine, na kesho anashuka.

Wakuu, mimi nilijua.

Chumvi tuliyopikia, ile ya magunia, ilikaa kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga, nyeusi kwa masizi. Nani ampe mgeni kitu kile? Mama Tina alinunua pakiti nzuri dukani kwa ajili ya dokta, majirani wakaja kuomba kijiko kijiko. Kusema haki, hakuna aliyekusudia kudanganya. Ilikuwa heshima. Aliyekosea ni mimi, niliona kijiko kinatoka kwangu nikanyamaza, nikidhani mambo ya kisomi hayanihusu.

Niliogopa kibarua kitaota nyasi. Pia niliogopa kumwaibisha mke wangu. Lakini kila nikitazama shingo yake na lile tumbo, niliona dokta akishuka ndiyo basi, vidonge hatuvipati.

Nikamwambia yote, sanduku likiwa bado kichwani.

Dokta akazitoa karatasi za vipimo.

"Kwa hiyo siku mbili nzima nimepima pakiti moja," akasema. Kisha akachana karatasi zake mbele yangu. "Asante, Baba Tina. Tunaanza upya, na tunaanzia jikoni kwako."

Mama Tina akasimama mlangoni. "Dokta, ulitaka nikupe chumvi yenye masizi, uende ukanitangaze mjini?"

"Naitaka hiyo hiyo inayoingia kwenye sufuria yako."

Kibuyu kikashushwa. Dawa ikadondoshwa. Haikugeuka bluu hata kidogo.

Vidonge vilikuja kabla mke wangu hajajifungua. Mtoto yule leo ni mwalimu wa hesabu. Siwezi kuapa kwamba ni vidonge, mimi si mtaalamu. Rovu la mama yake lilipungua kidogo, halikuisha.

Miaka mingi baadaye walipanda vijana watafiti, hawanijui. Jambo la kwanza wakaomba kuingia jikoni, waone chombo cha chumvi ya kila siku. Nikauliza nani kawafundisha. Wakasema mwalimu wao, naye alifundishwa na Dokta wa Shingo, na siku hizi hata wa nchi nyingine wanapima hivyo. Nilienda nyuma ya nyumba nikasimama kidogo.

Ninachomshukuru zaidi ni zile karatasi. Mtu msomi kiasi kile kukubali kuchana kazi ya siku mbili kwa neno la mbeba sanduku. Nilichojifunza ni kwamba ukijua, sema, hata kama unajiona huna elimu.

Kama kuna aliyewahi kupimwa naye, Kinole au kwingineko, naomba aandike hapa. Nikiwa nimekosea mahali, anisahihishe.

Ukurasa ule unaishia hivi: Jioni tulikula viazi na kabichi. Dokta kala nasi. Mama Tina kaipua sufuria kwanza ndipo katia chumvi ya pakiti, kama alivyoelekezwa, madini yasipotelee motoni. Kaonja, kasema haina tofauti.