Herufi Zisizo na Mviringo

Fundi wa misalaba wa Buganguzi hachongi herufi kabla ya kuitamka. Huinamia jiwe, hupuliza vumbi, husema "M", ndipo agonge tindo. Kifundo cha mkono wake kimevimba miaka mingi, na akifika kwenye O au S huguna kama mtu aliyetwishwa gunia la kahawa.

Joanitha alimpelekea jina la marehemu kaka yake, Avit, likiwa limeandikwa kwa runi, herufi za Wajerumani wa kale. Avit alizijulia kwenye gemu ya kompyuta, ambamo zilifungua milango ya mawe.

"Hazina hata mviringo mmoja," fundi alisema.

"Walikuwa wakizichonga kwenye mbao, waitu," Joanitha alimjibu kwa heshima ya Kihaya.

"Basi na wao walichoka." Akakikanda kifundo. "Haya, nitamkie."

Joanitha akatamka, fundi akafuatisha, nyundo ikalia. Ilipobaki herufi ya mwisho, iliyofanana na mshale ulioelekea juu, sauti ya Joanitha ilikatika. Fundi alijua kwamba ni T. Hakugonga. Aliketi kwenye vumbi, nyundo mapajani, akamngoja.