Punje ya Hindi na Mlango wa Pijo

Sisi tuliokulia Segese kabla haijawa na taa za barabarani tunajua jambo moja ambalo vijana wa leo hawalijui: mlango wa gari una sauti. Ukikaa sawa unasema "tup", basi. Usipokaa sawa unapiga kelele kama sufuria iliyoanguka. Mimi niliishia darasa la nne, cheti sina hata cha ubatizo, lakini niletee gari lolote la zamani kati ya Kahama na Geita, nifumbe macho, ufunge mlango, nikuambie bawaba ipi imekosewa. Injinia mmoja wa mgodini aliwahi kunibishia. Siku hizi ananiamkia.

Kazi nilifundishwa na baba. Vipimo hakuwa navyo. Alikuwa na punje moja ya hindi, kavu, bapa, aliyoitoboa kwa sindano ya moto akaifunga uzi wa gunia. Ukishafunga mlango, unaichomeka juu, kwenye mwanya kati ya mlango na bodi, unaivuta taratibu mpaka chini. Ikikwama, mwanya ni mdogo. Ikitumbukia ndani, ni mkubwa. Ikishuka huku inakwaruza kidogo mwanzo mpaka mwisho, baba alisema "wabeja", analishukuru gari kama mtu. Kuvuta punje ilikuwa kazi yangu, maana vidole vyangu vilikuwa vyembamba. Mafundi wangu nikiwasimulia wanacheka, halafu wanawasha tochi ya simu kutafuta mwanya ambao mimi nimeshauona nikiwa nakunywa chai.

Mwaka ule Mzee Luhende, mnunuzi wa pamba, alituletea Pijo 404 iliyogongwa ubavuni na trekta. Alileta pia milango miwili na fenda vilivyofunguliwa kwenye gari bovu kule Shinyanga. Alitaka Pijo hiyo imbebe binti yake kwenda kanisani Jumamosi kufunga ndoa.

"Baba Masunga," akamwambia baba, "nikimwona binti yangu ameshikilia mlango kwa kamba, yale malori yangu matatu nayapeleka Kahama."

Kutengeneza malori hayo ndiko kulikokuwa kunatulisha. Nyumba nzima ilijua.

Enzi hizo stendi za chuma nani alikuwa nazo? Gari tuliliinua juu ya viroba vinne vya magwangala, yale mawe yanayotupwa machimboni baada ya kutolewa dhahabu. Kila pembe kiroba kimoja. Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijawahi kumwambia mteja yeyote.

Jumatano mchana baba alikwenda kutafuta boliti. Rafiki yangu Juma akaninong'oneza kwamba kiroba cha nyuma kushoto kimetoka machimbo ya Nyarugusu, na mawe ya Nyarugusu hayaishi dhahabu. Basi akili zikaishia hapo. Tulifungua mdomo wa kiroba, tukachomoa mawe ya kujaza karai, tukashindilia udongo mahali pake, tukafunga kama kilivyokuwa. Mawe tuliyatwanga nyuma ya nyumba mpaka viganja vikatoka malengelenge, tukayaosha kwenye dimbwi. Tulipata mchanga.

Alhamisi nzima baba alifunga milango. Nilivuta punje, ikakwaruza vizuri kila mahali. "Wabeja," akasema. Ijumaa asubuhi tukaliteremsha gari kwenye matairi yake. Baba akasukuma mlango wa nyuma kushoto. Ukapiga chuma kwa chuma, ukarudi.

Akalegeza bawaba, akasukuma tena. Ukazidi. Akalaani aliyeuza milango, akalaani Shinyanga yote. Mama alikuwa amesimama na sahani ya michembe, vile viazi vikavu, hathubutu kumkaribisha. Jasho lilimtiririka baba mpaka kwenye ndevu. Mimi nilikuwa nimeshaelewa: udongo ulibonyea, pembe ile ikashuka, bodi ikajipinda, na baba akapanga milango kwenye bodi iliyopinda. Nikamwona anachukua nyundo kubwa, analenga ukingo wa mlango. Akipiga pale, mlango umekwisha, na mwingine haupo.

"Baba, usipige. Mlango ni mzima."

"Kibovu ni nini?"

"Kiroba."

Nikamweleza yote, macho chini. Mama akasema polepole, "Mayu wane," kama anamwita mama yake. Baba alikiendea kiroba, akakichana kwa bisibisi. Udongo ukamwagika miguuni pake.

"Mmepata kiasi gani?"

"Hatukupata kitu, baba."

"Basi umeuza malori matatu kwa mchanga."

Nilisubiri spana ya kichwa. Haikuja. Segese yote sakafu ya saruji ilikuwa moja tu, ya ghala la pamba. Majirani walisukuma gari mpaka pale. Baba akalegeza kila boliti aliyokuwa ameikaza Alhamisi nzima, akaanza upya, gari likiwa limesimama kwa miguu yake.

Saa kumi Mzee Luhende akafika, akakuta milango yote inaning'inia.

"Kulikoni, Baba Masunga? Kesho ni harusi."

Nilijificha nyuma ya marobota. Baba hakugeuka hata kunitazama.

"Niliinua gari vibaya, mzee. Kosa ni langu."

Mzee alikaa juu ya robota, akakunja mikono, akangoja. Jua lilikuwa linagusa paa la ghala nilipovuta punje mara ya mwisho. Baba akaniambia, "Funga wewe." Nikafunga.

Tup.

Mzee Luhende akainuka, akaufungua, akaufunga mwenyewe mara tatu. Malori hayakwenda Kahama.

Ndiyo maana gereji yangu nilimwaga zege kabla ya kuwa na ukuta. Watu walinicheka kwamba Masunga anajenga uwanja wa ngoma. Leo nina stendi za chuma, jeki za mafuta, kila kitu. Ila wakati ule mtu alikuwa na kiroba na neno lake. Siku hizi fundi akikosea anakuonyesha kifaa.

Wiki hii nafufua Pijo 404 yangu mwenyewe. Jana mafundi walifunga mlango, ukalia kama sufuria. Nikauliza nani aliinua gari. Watatu wote wakanyoosha kidole kwenye jeki. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwatukana. Nikatoa punje mfukoni. Ya baba ililiwa na panya mwaka aliofariki, hii nimeitoboa mwenyewe, na vidole vyangu sasa ni vinene, uzi unanisumbua. Nikaivuta. Ikakwama katikati.

"Kosa ni langu," nikawaambia. "Sikukagua."

Wakatazamana. Kisha mmoja wao akavuta pumzi, akasema, "Bosi, mimi ndiye niliyeinua," akaokota spana, akaanza kulegeza boliti.