Kamera na Intaneti

Fundi wa kompyuta wa karibu na stendi ya Bariadi hakai kwenye kiti, anakigusa tu. Goti lake linatikisika mpaka bisibisi zinacheza mezani. Leo ana laptopu ya binti yangu Kabula, yenye Linux, mfumo ambao mafundi wawili walishaukataa. Kamera ikiwaka, intaneti inakufa. Saa sita Kabula anafanyiwa usaili wa kazi kwa kamera hiyohiyo, na simu yetu ni ya tochi, haina kamera. Sasa ni saa tano na nusu. Kabula amekwenda nyumbani kupiga pasi blauzi.

"Draiva za kamera na za intaneti zinagombana, mayu," fundi ananiambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Zinagombea njia moja."

"Madereva? Humo ndani?"

Anacheka puani. Kila amri huiandika kwanza kwenye daftari kwa penseli, akinong'ona. Ikishindikana, huikata kwa rula, taratibu, kama mwalimu. Amekwisha kukata nne. Ya tano anaiandika kwenye kompyuta, anafuta viganja kwenye suruali, halafu ananisogezea.

"Bonyeza wewe, mayu. Mkono wangu leo una nuksi."

"Mimi? Niliishia darasa la nne!"

"Kitufe hicho kikubwa cha pembeni."

Nabonyeza. Yeye ameshageukia ukuta. Kioo kinakuwa cheusi, kisha anatokea mwanamke mwenye kilemba, kinywa wazi. Ni mimi.

"Alama ya intaneti je? Juu kulia," anauliza, bado anatazama ukuta.

"Ipo."

"Hesabu mpaka kumi."

Nahesabu mpaka ishirini. "Bado ipo, baba."

"Basi mfuate Kabula."

Niko barabarani tayari, kandambili mkononi.