Tanuri Lililochoma Upande Mmoja

Mwahija binti Bakari alikuwa mwanamke wa hasira, na Kivinje nzima ilijua. Hasira yake haikuwa ya matusi, ilikuwa ya mikono. Akikasirika anapasua kuni, anakanda unga mpaka meza inalia. Watu walimvumilia kwa sababu ya mikate yake ya mofa, aliyokuwa akiuza tangu afiwe na mume.

Asubuhi moja hakukuwa na unga wa kutosha kuituliza hasira hiyo. Mdogo wake, Abdurahmani mwashi, alikuwa na mnyororo shingoni katika kambi ya askari wa Mdachi, yaani Mjerumani, nje ya mji. Kosa lake? Tanuri! Wamatumbi walikuwa wameinuka kule bara, askari wanaongezeka kila siku, na shaushi, mkubwa wa kambi, alimwamuru ajenge tanuri la mkate. Akajenga. Mikate ya kushoto ikawa makaa, ya kulia ikabaki madonge mabichi. Shaushi akasema fundi kafanya makusudi, ni mtu wa waasi. Siku zile neno hilo lilitosha kumtia mtu kitanzini.

Mwahija akajifunga kanga kiunoni, akaenda kambini peke yake.

"Nipe siku mbili," alimwambia shaushi. "Mkate ukitoka sawa, umfungue mtoto wa mama yangu."

"Na usipotoka sawa?"

"Utafanya utakalo. Kwani lini mlituomba ruhusa?"

Shaushi akacheka, akaamuru Abdurahmani aletwe na mnyororo wake asaidie kazi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, na hicho kichwa chako! Ulilijenga hili umelala?"

"Kuni, dada. Waliniletea mikoko mibichi."

Ndivyo alivyokuwa tangu utoto. Kikiharibika kitu, mwenye kosa ni mwingine. Kikisifiwa, ni yeye.

Mwahija hakubishana. Aliwasha kuni kavu kabisa, makaa yalipokolea akayakomba, akatupa konzi ya unga kila pembe ya sakafu. Kushoto unga uliungua papo hapo, kulia ukabaki mweupe. Basi si kuni. Akarundika makaa yote upande wa kulia, akajaribu tena. Kulia kukapoa upesi vilevile. Akapapasa mlango, ulikuwa unafunga vizuri. Mwisho akaingiza kijinga kinachofuka moshi. Moshi ulikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kulia, ukapotelea humo.

Akazunguka nyuma, akagusa. Jiwe likamong'onyoka, likabaki unga mweupe uliomchonyota vidole.

"Matumbawe! Abdurahmani, umejenga tanuri kwa mawe ya pwani?"

"Si ndiyo mawe yetu, dada? Kushoto niliweka matofali, yakaniishia. Na nyumba zote za hapa..."

"Nyumba unaikokea moto ukutani? Chokaa yako wewe mwashi unaipata wapi, si kwa kuyachoma hayo hayo? Lahaula! Umelijenga tanuri linalojila lenyewe!"

Askari mmoja akageuza shingo. Mwahija akashusha sauti mara moja. Nani angeamini kwamba mwashi wa Kivinje hajui jiwe la pwani hugeuka chokaa motoni? Wangesema ndiyo makusudi yenyewe.

"Neno hili tunakufa nalo," alinong'ona. "Umenisikia? Haya, bomoa."

Wakaubomoa ukuta wa kulia wote. Mwahija alichimba udongo wa kichuguu kwa mikono yake, akaukanda kwa majani makavu na vigae vilivyopondwa, kila pigo la kiganja likiwa kofi alilotamani kumpiga nduguye. Waliujenga upya, wakaukausha kwa moto mdogo mdogo mpaka siku ya pili. Akatupa unga tena. Ukaiva rangi ya karanga, kushoto na kulia.

Alasiri mikate ikatoka. Shaushi akaumega wa kushoto, akaumega wa kulia, akatafuna. Akamwashiria askari, mnyororo ukafunguliwa. Mwahija alijikuta anashukuru, akachukia kwamba shukrani hiyo ni kwa mtu kama huyu.

"Kesho tunaingia Matumbi," alisema shaushi. "Kila kambi nataka tanuri. Aliyeliponya hili anakwenda na sisi. Nani?"

Mwahija akamtazama nduguye. Mwashi ni yeye, mwiko wa kazi ungali mkononi mwake. Maisha yake yote hakupata kumwachia mtu sifa.

"Ni dada," alisema Abdurahmani, macho chini. "Mimi nilikuwa nampa udongo tu."

Neno moja tu, matumbawe, na ule mnyororo ungerudi shingoni mwa nduguye. Lilimfika Mwahija ulimini. Wallahi alitaka kulisema, alitaka kuliko alivyopata kutaka kitu chochote duniani.

"Nenda nyumbani," alimwambia. "Mama hajala. Uji wake uwe mwepesi, hana meno. Na usimwambie ulichosema hapa."

"Dada, nisamehe, mimi..."

"Nenda, Abdurahmani! Nenda kabla sijafungua mdomo!"