Mwaka Fundi Alipoacha Kusema Keshokutwa

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Keshokutwa. Jina hilo hakupewa na wazazi wetu, Mungu awarehemu. Alijipatia mwenyewe kwa mdomo wake. Ukimpelekea kitambaa anakipapasa, anakisifu, anakupima mabega kwa ile futi yake iliyochakaa mpaka namba zimefutika, halafu ukimuuliza lini, anakujibu keshokutwa. Keshokutwa ikifika, unakikuta kitambaa chako kimekunjwa vilevile ulivyokileta, ila sasa kina vumbi.

Mimi ni dada yake mkubwa na ndimi ninayempigia pasi. Kiti changu kipo mlangoni, na nguo hainipiti ikiwa na kunyanzi. Wateja wakija kugomba huanza na mimi, kwa kuwa niko njiani.

"Mama, si mlisema tuje leo?"

"Mimi? Mimi nasema na pasi. Ingia ndani ukaseme na mwenye mdomo."

Siku hizi watu wana malengo. Zamani tulikuwa na kazi. Mwaka ukikaribia kuisha, mtu asiye na lengo anaonekana kama ametoka nyumbani bila nguo. Mdogo wangu naye hapitwi na jambo. Mwaka mmoja alisema ataacha sigara, na kweli aliziacha dukani, akawa anavuta za wenzake. Mwaka mwingine akasema atakimbia kila asubuhi, akanunua viatu vya kukimbilia. Viatu vile navivaa mimi kwenda bombani kuteka maji, na ni vizuri sana, namshukuru.

Lakini mwaka ninaotaka kuusimulia, lengo lilikuwa na mtu nyuma yake.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi, yupo mwanamke anayeuza vifungo, nyuzi na zipu. Ni mjane. Mdogo wangu naye alifiwa na mkewe miaka mingi iliyopita, na watoto wake wote wana nyumba zao. Basi nikaanza kuona ananunua vifungo kimoja kimoja. Shati moja lina vifungo vingapi? Hesabu mwenyewe hizo safari. Na kila safari anajitazama kwanza kwenye kioo cha wateja, anapangusa nywele ambazo zilishamuaga zamani.

Mwaka ulipokuwa ukingoni akapiga moyo konde, akamwambia mwenye vifungo kwamba anataka kumwoa. Jibu alilopewa alinisimulia mwenyewe, uso umemshuka.

"Ubaya huna," mwanamke alimwambia. "Hulewi, hupigani, na koti ukilishona linamkaa mtu. Lakini marehemu mume wangu akisema anarudi saa moja, saa moja anabisha hodi. Nilikuwa napika nikijua. Nikiolewa na wewe, chakula nitakipakua lini? Keshokutwa?"

"Nitabadilika."

"Mwaka mpya huo unaingia. Jiwekee lengo moja tu: usimdanganye mtu siku. Mimi niko hapa ng'ambo, naona. Nikiridhika, nitakujibu."

Basi asubuhi ya kwanza ya mwaka akasimama katikati ya duka, futi shingoni, akanitangazia.

"Dada, mwaka huu sisemi uongo."

"Na utakula nini?" nikamuuliza.

Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mazito.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu, na suruali ya kupunguza kiuno. Akauliza lini. Mdogo wangu akageuka akalitazama rundo la kazi, midomo ikimchezacheza kama mtu anayesali, kisha akasema, "Jumanne, si hii wala si ijayo. Ile ya baada yake."

Mwalimu akamkodolea macho. "Fundi, unaumwa?"

"Siumwi. Ndiyo siku ya kweli."

"Unanifukuza kistaarabu, eti?" Mwalimu akakunja suruali yake, akaipeleka kwa fundi wa kona ya pili, ambaye alimwambia kesho asubuhi. Mpaka leo mwalimu anafunga mkanda kwenye suruali nyingine, na ile bado iko kona ya pili.

Waliobaki nao walikuwa na kituko chao. Mama mmoja aliacha gauni la mwanawe, akaambiwa Alhamisi. Alhamisi ilipofika gauni limekwisha, limepigwa pasi, limetundikwa. Hakuja. Ikapita wiki, hakuja. Alipotokea alikuja na dada yake wa kumsaidia kugomba, mikono wameshaikunja tangu barabarani.

"Leo hatutoki hapa bila gauni!"

"Hilo hapo," mdogo wangu akasema. "Linakungoja tangu Alhamisi ile."

Masikini, wakabaki na hasira zao mikononi hawajui wazitue wapi. "Sasa mbona hukutuambia?"

"Nilikwambia Alhamisi."

"Na sisi tungejuaje kwamba ni Alhamisi yenyewe?"

Wakatafuta kosa kwenye pindo, wakalikosa, wakaondoka wamenuna.

Ikawa hivyo kwa wengi. Aliyeambiwa Jumatatu alijiongezea mwenyewe siku zake, kama mtu anavyoongeza maji kwenye mchuzi akiona wageni. Nguo zilizokwisha zikajaa ukutani, zikajaa mlangoni, mimi napiga pasi huku sketi za watu zinanipapasa uso. Zamani watu walikuwa wakingoja nguo. Sasa nguo zikawa zinangoja watu, na fundi analipwa siku nguo inapochukuliwa, si siku inapokwisha. Mdogo wangu akapungua mpaka mkanda wake mwenyewe ukataka tundu jipya.

"Sema japo uongo mdogo," nikamwambia. "Wa siku moja tu, wazoee."

"Dada, mwenye vifungo anaangalia."

Na kweli alikuwa akiangalia. Anajifanya anapima mpira wa kiunoni dirishani, lakini mpira gani huo unapimwa kwa shingo?

Siku moja, Jumatatu, akavuka yeye mwenyewe, na kitambaa cha rangi ya maziwa mkononi. Akasema mtoto wa dada yake anaolewa, naye anataka gauni la kuvaa harusini.

"Harusi lini?" mdogo wangu akauliza.

"Jumamosi hii."

Wiki ile ilishajaa, kila siku ina mwenyewe. Angeweza kusema haiwezekani. Lakini moyo ukipenda, cherehani nayo inapata miguu zaidi. Akasema, "Ijumaa saa kumi litakuwa tayari."

Tangu hapo hatukupumua. Kazi za wengine hakuzirudisha nyuma hata moja, maana nazo zilikuwa na ahadi. Alikula amesimama, sindano mdomoni, nikawa naogopa ataimeza. Usingizi aliusukuma pembeni kama mabaki ya kitambaa. Mimi mwenyewe na macho yangu haya nilishona vishikizo vya mgongoni kwa mkono. Sikushona kwa ajili ya mapenzi yao. Nilishona kwa sababu hakuna mtu wa ukoo wetu atakayechekwa na muuza zipu.

Ijumaa saa kumi akanawa uso, akavaa shati safi, akalichukua gauni na kitundikio chake kama anabeba mtoto mchanga. Tukavuka wote. Nilikwenda kama shahidi, asije mtu akasema baadaye kwamba hakufika.

Duka la vifungo lilikuwa na watu. Akaliweka gauni juu ya meza.

"Ijumaa," akasema. "Saa kumi."

Mwanamke hakuligusa. Akalitazama gauni, akanitazama mimi, akazitazama zipu zake kama ndiyo kwanza anaziona.

"Limekwisha?"

"Limekwisha. Kesho utavaa."

Kulikuwa na msichana pale anachagua lulu za kushonea kwenye shela. Akainua uso. "Kesho kuna nini, mama mdogo?"

"Harusi," mdogo wangu akamjibu, mwenye furaha zake. "Ya mtoto wa dada yake."

"Mtoto wa dada yake ni mimi," msichana akasema. "Na mimi naolewa mwezi ujao."

"Ulisema Jumamosi hii," mdogo wangu akamwambia polepole.

Mwanamke akashika kifua. "Fundi, sasa nani anamwambia fundi siku ya kweli? Hakuna! Ukimwambia siku ya kweli utakwenda harusini na gauni la juzi!"

"Hilo ni kweli," akadakia bwana mmoja aliyekuja kutafuta uzi. "Hata mimi ile suti nilikwambia nasafiri. Sikuwa na safari."

"Na mimi nilikwambia mama mkwe anakuja," mwingine akasema kwa sauti ya chini. "Mama mkwe hajaja mpaka leo, ashukuriwe Mungu."

Watu wakaanza kucheka. Kumbe mtaa mzima, miaka yote, mwongo hakuwa mmoja. Lakini mdogo wangu hakucheka. Akalinyoosha bega la gauni lililopinda, akatoka.

Jumamosi duka halikufunguliwa. Jumatatu halikufunguliwa. Amelala kauelekea ukuta kama mtoto aliyenyimwa sukari.

"Lengo limekwisha, Dada," akaniambia. "Jibu lake akae nalo. Anayenipima kwa futi ambayo mwenyewe hajipimi, simtaki."

Mimi si mtu wa kubembeleza watu. Nikavuka barabara kwenda kugomba.

"Wewe mwanamke," nikamwambia, "umemfunga ndugu yangu kwenye ukweli kama mbuzi kwenye kigingi, halafu wewe unatembea huru?"

"Dada, wallahi mdomo ulisema wenyewe. Ni mazoea."

"Ya kwake ulitaka ayatupe. Ya kwako umeyafungia kabatini?"

Akainama, anavichezea vifungo. "Amekasirika sana?"

"Amelala na viatu."

"Hali chakula?"

"Kula anakula. Usijione."

Akawa anataka kucheka na kulia kwa pamoja. "Sasa nifanye nini?"

"Utaniuliza mimi? Mimi ni mtu wa pasi." Nikaondoka, mgongo umenyooka.

Kesho yake nilimkuta mdogo wangu amefungua duka, yuko kwenye cherehani, kichwa chini.

"Si ulisema lengo limekwisha?"

"La kwake limekwisha. Hii suruali nilimwahidi mwenyewe Jumanne. Leo si Jumanne?"

Nikapuliza mkaa wa pasi kwa nguvu kuliko ulivyohitaji kupulizwa, kwa kuwa moshi ni mzuri, mtu akikuona macho mekundu hakuulizi.

Hapo ndipo mwenye vifungo alipovuka. Akasimama mlangoni. Nami kiti changu sikukisogeza.

"Wifi, nipishe nipite."

"Uwifi nani amekupa?"

"Nimeufuata."

Nikampisha. Mtu mwenye jibu kama hilo huwezi kumweka juani.

Akasimama mbele ya cherehani. "Fundi, nataka gauni."

"La nini?" Hakuinua uso.

"La kuolewa."

Mguu wa mdogo wangu ukaacha kukanyaga. Cherehani ikajizungukia kidogo peke yake, ikatulia.

"Lini?"

"Jumapili ya mwisho ya mwezi huu."

Akamtazama sasa, usoni kabisa. "Hiyo ni siku ya kweli, au ni siku ya kumwambia fundi?"

"Ya kweli. Kaka yangu mkubwa ameshaambiwa, na wanangu wameshaambiwa. Nikiigeuza, nitakuwa nimewadanganya wote hao."

Kola iliyokuwa chini ya pasi yangu nusura niiunguze. Mdogo wangu akageuka akalitazama rundo la kazi, midomo ikaanza kumchezacheza. Nikaomba. Maisha yangu yote nimemwombea aseme kweli, na siku hiyo, mara moja tu, nikamwomba Mungu ampe uongo. Wa keshokutwa tu.

"Haiwezekani," akasema. "Mwezi huu wote una wenyewe. Nimeshaahidi watu."

"Ewe mjinga!" nikapiga kelele. "Wewe ndiye bwana harusi!"

"Dada, nimeahidi."

Mimi nikashika pasi tu, kwa maana sikujua kama itavunjika ndoa au kiti. Kisha mwanamke akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Hewala," akasema. "Ndilo jibu nililokuwa nalitaka. Lile la rangi ya maziwa lilishonwa kwa uongo wangu, silivai siku hiyo. Basi nitaolewa na hili nililovaa."

Mdogo wangu akalitazama lile gauni kuanzia shingoni hadi chini, kama fundi anavyotazama.

"Pindo limefumuka huku nyuma," akasema. "Hilo nalimaliza sasa hivi. Kaa."

Akakaa. Na cherehani ipo pale pale, ingelipiga pindo lile kabla mtu hajapiga chafya, lakini mdogo wangu akatoa sindano, akapiga magoti, akaanza kulishona kwa mkono, mshono mmoja baada ya mwingine, taratibu.

Nikasimama, nikasema naenda sokoni. Sikuwa na cha kununua. Lakini mtu mzima anaijua siku ya kwenda sokoni.