Luteni wa Punda Ng'ambo ya Ruvuma

Siku ya kwanza kazini nilimkuta mkubwa wangu ameinama, anakagua kwato za punda. Alikuwa Kapteni, Msumbwa mrefu asiyecheka.

"Wewe ndiye Luteni wa kutoka Shinyanga?"

"Ndiyo, afande."

"Baba yako Mwarabu?"

"Mshihiri, afande. Mama ni Msukuma wa Kolandoto."

Akainuka. "Mtu wa pande mbili. Haya, njoo ujifunze kufunga sogi."

Ninyi vijana mnaoniona hapa Ngokolo nikiota jua hamjui kwamba nilipigana vita vya watu wengine. Wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wakimng'oa Mreno, nasi wachache tukajitolea kuwapelekea risasi na dawa. Farasi wasingeishi kule kwa sababu ya mbung'o. Punda nao walikufa, ila polepole. Sogi ni mifuko miwili inayoning'inia ubavuni mwa mnyama. Upande mmoja ukizidi uzito, mgongo huchubuka, na punda mwenye kidonda hakubali kuondoka hata umpige vipi.

Njia ya msafara tuliijua watu watatu tu: Kapteni, mimi, na Rosa, mpiganaji wa kule aliyekuwa kiongozi wetu wa njia. Ndiyo maana tuliposhambuliwa kwenye kijito, wenzetu wakafa na punda wakatawanyika, hakuna aliyelala na moyo mweupe. Mreno alikuwa ametusubiri. Nani alimwambia?

Macho yalinigeukia mimi. Nikisogea kwenye moto wa kupikia, mazungumzo yanakatika. Komisaa, yaani ofisa wa siasa wa wapiganaji, aliniita.

"Baba yako anafanya biashara na nani?"

"Anauza kanga Shinyanga mjini, ndugu komisaa."

"Na Wareno wananunua kanga?"

Swali la namna hiyo, ukilijibu unakosea, ukinyamaza unakosea.

Msafara uliofuata, Rosa aliagizwa atembee nyuma yangu, bunduki ikinielekea mgongoni. Hakunificha. "Tukivamiwa tena, Luteni, wa kwanza kuanguka ni wewe."

Tukavamiwa tena. Risasi zilitoka kwenye mianzi, nami nikasubiri ile ya nyuma. Haikuja. Nilipogeuka, Rosa alikuwa chini, paja limepasuka. Nikamwaga mzigo wa punda mmoja, nikampandisha, nikamshikilia mpaka kambini. Njiani alinong'ona, "Nilikulenga. Kidole kilikataa."

Nilidhani sasa nimetakaswa. Kapteni alitazama damu kwenye shati langu, akasema, "Hata jasusi anaweza kuokoa mtu." Hapo ndipo na mimi nilipoanza kumchunguza. Siku zote mbili za mashambulizi alikuwa amebaki kambini, mara homa, mara mguu. Nikaacha kunywa chai aliyonimiminia.

Tuliendelea hivyo hadi bendera yao ilipopanda: tukifanya kazi bega kwa bega, kila mmoja akihesabu hatua za mwenzake. Rosa alipona, akachechemea maisha yake yote. Msaliti hakujulikana.

Nilipostaafu jeshi nilikuwa mkuu wa walinzi kwenye duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kule Nyarugusu. Siku moja mwenye duara alileta mbia mpya, mzee wa Kisumbwa mwenye fimbo. Nikasimama wima kabla akili haijafikiri.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, Luteni. Hujafa?"

Mama ntilie akatuletea ugali na sato. Tukala sahani moja. Kapteni alinawa, akasema, "Nitazikwa bila kujua kama ulikuwa wewe."

"Nami nitazikwa bila kujua kama ulikuwa wewe, afande."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea. Baadaye alipougua akalazwa hospitali ya Kolandoto, nilikuwa nikimpelekea uji kila asubuhi. Wauguzi walidhani ni ndugu yangu. Muuguzi mmoja aliniambia jambo ambalo sijawahi kulisema nyumbani: mzee yule, kabla ya kuonja uji wangu, alikuwa akisubiri nitoke, kisha anamwomba muuguzi aonje kwanza.

Sikukasirika. Kesho yake, nilipofika, nilikaa kitandani kwake, nikanywa nusu ya uji mbele yake, nikampa iliyobaki. Akainywa yote.